Mwenye Kuuombea Mti na Ashike Jembe

Neno la mwezi. Somo: Luka 13:6-9. Lisomwe pamoja na Yeremia 29:4-7.



Neno letu la mwezi huu ni miti ya mjini. Hatuneni juu ya miti ya msituni, wala mikorosho ya mashambani, bali juu ya ile isimamayo kando ya barabara, sokoni, hospitalini, shuleni na uani mwa makanisa. Huenda mtu atauliza, Je, hilo nalo ni jambo la mahubiri? Na asubiri kidogo, maana shauri lenyewe limeletwa kwetu na wazee wa kanisa.

Katika usharika mmoja wa pande hizi, ambao jina lake tutalisitiri, pana mwembe mkubwa mbele ya mlango wa kanisa. Tawi lake moja nene limekauka, nalo limeinama juu ya njia wapitayo watoto waendao Shule ya Jumapili. Wazee wamekutana mara mbili wasipatane. Wengine husema: Mwembe ukatwe shinani kabla haujamwua mtoto, na mahali pake pajengwe vibanda vya kupangisha, usharika upate fedha. Wengine husema: Hasha! Mwembe huu tuliukuta, na kabla kanisa halijaezekwa tulisali chini yake. Atakayeugusa atatugusa sisi. Wakatuandikia kutuuliza, Nani mwenye haki? Tumelipima shauri hilo mbele ya Neno la Mungu, na jibu letu ni hili.

1. Mtunza shamba aliahidi nini?

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu aliyekuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Kwa miaka mitatu alikuja kutafuta matunda, asione hata moja. Ndipo alipomwagiza mtunza shamba aukate, kwa kuwa ulikuwa ukiishika ardhi bila faida. Mtunza shamba akamsihi auache kwa mwaka mmoja zaidi, ili auchimbulie pande zote na kuutia samadi. Ukizaa, ni vema. Usipozaa, hapo ndipo ukatwe.

Maana ya mfano huu twaijua. Mtini ni sisi, saburi ni ya Mungu, na mwaka ule ulioongezwa ni wakati wa neema tulio nao leo, tupate kutubu. Maana hiyo haiondoki. Lakini Bwana wetu, alipotaka kutufundisha habari ya rehema, hakwenda mbali kuitafuta. Aliiokota shambani, katika kazi ambayo wasikilizaji wake waliijua kwa mikono yao. Kwa hiyo tuiangalie na kazi yenyewe.

Angalieni mambo matatu. Mwenye shamba hakukemewa kwa kutaka kukata. Sisi hatuabudu miti, na mti uletao mauti hauna haki ya kusimama juu ya vichwa vya watoto. Tena, mtunza shamba hakuomba kwa mdomo mtupu. Hakusema, Bwana, huu ni mti mzuri, usiuguse. Kisha akaenda zake kulala. Aliomba, na katika ombi lile lile alitia mgongo wake, jembe lake na kapu lake la samadi. Mwisho, aliweka muda: mwaka mmoja, kisha hesabu.

Basi wazee wetu wa pande zote mbili wamepungukiwa na jambo moja. Waliosema ukatwe hawakuuliza kama kuna kazi iliyosalia. Waliosema usiguswe hawakusema ni nani atakayeifanya kazi hiyo. Katika vikao viwili jembe halikutajwa.

2. Ujuzi hatukukosa

Kama tungekuwa watu wasiojua miti, tungesamehewa. Lakini nchi hii ni nchi ya mikorosho. Mtoto wa Newala hujua kabla ya kujua kusoma kwamba mkorosho hupaliliwa, hupogolewa, tena hupuliziwa salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Wataalamu wa kilimo wa Naliendele, karibu na Mtwara, wameyafundisha hayo kwa miaka mingi.

Tena twajua yatokeayo mti ukikosa mtunzaji. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho zaidi ya tani 140,000. Kufika msimu wa 1986/87 hazikutimia hata tani 20,000. Je, mikorosho ilikuwa imekatwa? La, iliyo mingi ilikuwa ingali imesimama. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, wakawa mbali na mashamba yao. Bei ilikuwa ndogo, haikumtia mtu moyo. Ubwiri unga nao ukaingia, na magugu yakapanda mpaka matawini. Mti ulikuwapo, mtunzaji hakuwapo. Hata watu waliporudi na jembe na salfa, na bei ilipopata nguvu, mikorosho mingi ya zamani ikazaa tena.

Mti wa mjini ni kama mkorosho ule ulioachwa. Watu wote hukaa kivulini mwake, wala hapana aupaliliaye. Mgonjwa hungoja zamu yake hapo, mama muuza maandazi huweka sinia lake hapo, kijana wa pikipiki hungoja abiria hapo. Lakini ukiuliza, Mti huu ni wa nani? kila mmoja humwonyesha mwenziwe, na wote pamoja huionyesha Halmashauri. Huku nyuma watu hupigilia misumari ili kubandika matangazo, huchoma taka shinani, humwaga saruji mpaka penye gome, hata mizizi isipate maji wala hewa. Siku ukiangukia nyumba ya mtu, husema, Mti huu ulikuwa mbaya.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakutuambia kivuli hicho kilipandwa na nani. Sisi na tuulize.

3. Kupanda na kutunza

Nasi tuandikao hatukusalimika. Mwaka mmoja tulipanda miche arobaini katika kiwanja kimoja huko Newala. Ilikuwa siku ya shangwe: kwaya iliimba, kila mgeni alipewa mche wake, picha zikapigwa. Tuliporudi mwezi wa Novemba tulikuta sita. Mingine ilikauka, mingine ililiwa na mbuzi. Tulisimama pale tukaona haya, kwa maana kila shimo lilikuwa bado na kijiti chenye jina la mgeni aliyepanda, wala hapakuwa na jina la mtu wa kumwagilia.

Kosa letu lilikuwa katika kalenda na katika ndoo. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa nchi ambazo masika hunyesha baada ya siku hiyo, ni siku njema sana. Lakini kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, na ifikapo Aprili huelekea kukoma. Mche uliopandwa Aprili hupata majuma machache ya mvua, kisha kiangazi kirefu huukuta ungali mtoto mchanga. Basi huku kwetu mti na upandwe Desemba au Januari, ardhi ikiisha kulowa. Na siku ile ya Aprili tuitumie kuhesabu iliyo hai, kuizungushia ua, na kutandaza majani makavu shinani ili unyevu usitoke.

Sasa habari ya ndoo. Atakayesimama Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, na kulitazama bonde la Ruvuma lililo chini sana, ataelewa shida ya uwanda huu. Mvua ikinyesha juu, mchanga huimeza. Chemchemi hutokea chini, mabondeni. Kwa vizazi vingi mama zetu walishuka na kupanda wakiwa na mitungi kichwani. Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, huyapandisha maji kwa mitambo kutoka mabondeni kama Mitema. Kwa hiyo kila tone lililofika juu limekwisha kugharimiwa. Masasi nao, ulio chini ya uwanda katikati ya vilima vya mawe, hupata joto la jua mchana, na jioni joto la mawe yaliyokaa juani kutwa.

Hapa ndipo tunapoona faida na gharama kwa pamoja. Mahali palipo na joto namna hii, kivuli si pambo. Dakta Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, alihesabu ndani yake nyumba na shamba, hali njema ya hewa, na majirani waaminifu. Hatudhani tunakosea tukisema kwamba kivuli cha mgonjwa angojaye nje ya hospitali kimo katika ombi hilo. Lakini apandaye miche arobaini katika nchi ya maji ya shida ameahidi ndoo arobaini, si siku moja, bali kiangazi chote. Sisi tuliahidi tusitimize. Ingalikuwa heri kupanda sita, kila mmoja ukiwa na mtu wake.

4. Msiseme, Mji huu si kwetu

Mna sababu nyingine ya miti ya mjini kukosa mlezi. Wengi wetu mjini ni wageni. Mwalimu amehamishiwa huku, askari naye, karani naye, mchuuzi amepanga chumba. Husema, Nipande mti katika uwanja wa mtu? Mwakani sijui nitakuwa wapi.

Wasomeni basi wale waliochukuliwa mateka kwenda Babeli. Hapana mgeni kupita wao. Hata hivyo nabii Yeremia aliwapelekea barua, akawaagiza wajenge nyumba na kukaa, walime bustani na kula mazao yake, tena wauombee heri mji ule waliopelekwa, kwa kuwa heri ya mji ingekuwa heri yao wenyewe. Hakuwaambia wangoje mpaka warudi kwao ndipo wapande.

Na Masasi yetu ilianzaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani, akawatoa Unguja kuwapeleka bara. Nia ilikuwa kufika pande za Ziwa Nyasa; lakini walipofika Masasi wakakaa, wakajenga. Watu hao walikuwa wameng'olewa kwao kama miche, wengine wangali watoto. Kama hao waliweza kukubali nchi ngeni iwe kwao, sisi tuliokuja kwa gari na barua ya uhamisho tuna udhuru gani?

Tena yuko Abrahamu. Kule Beer-sheba aligombania kisima, akapatana na Abimeleki kwa kiapo, na kisima kilipokuwa salama akapanda mti mahali pale, akaliitia jina la Bwana. Biblia yetu ya Kiswahili huuita mti ule mkwaju, mti tuujuao hapa kwetu. Yalitangulia maji, ukafuata mti, kisha ibada. Naye alikuwa mzee, tena mgeni katika nchi ile. Alipanda kwa ajili ya watakaokuja nyuma yake.

5. Mifano miwili ya mbali

Mwezi wa Novemba 2020 ulikuwako mgumo mkubwa Nairobi, katika njia ya Waiyaki huko Westlands. Mgumo ni mti wa jamaa moja na mtini, na huo ulihesabiwa kuwa na miaka ipatayo mia. Barabara mpya ya juu ilikuwa ikija, na mti ulitakiwa uondolewe. Watu wakasimama kuutetea, wakapaza sauti, hata Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Mtini uliombewa, ukaokoka. Lakini miti mingine mingi kando ya njia ile ilikatwa. Jambo hili litufundishe kwamba mti mkubwa hupata watetezi siku ya shoka, bali midogo ya kila siku huhitaji mtetezi kabla ya siku hiyo.

Mfano wa pili ni wa Ujerumani. Watu hupenda kusema ya kuwa Luther alinena kwamba, hata kama dunia ingekwisha kesho, yeye leo angepanda mtofaa. Waliopekua maandiko yake hawakulikuta neno hilo; limeonekana kwanza katika barua ya mwaka 1944. Lakini lipo tendo lililo bora kuliko neno lile. Katika mji wa Wittenberg, tangu Novemba 2009, makanisa ya nchi mbalimbali yalianza kupanda bustani ya miti 500, kwa ukumbusho wa miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa iliyotimia mwaka 2017. Na kila kanisa lililopanda mti kule liliombwa kupanda mwenzake nyumbani. Basi aliye na mti Wittenberg na awe na ndoo nyumbani.

6. Kazi yenyewe

Waalimu, haya yasomeni polepole.

Chagueni mti kwa mahali. Mwembe na mkwaju hutaka nafasi kubwa. Msiupande mwembe chini ya nyaya za umeme wala karibu na ukuta, kisha mkaulaumu kwa kukua. Mwarobaini huvumilia ukame.

Mwagilieni maji mengi kwa siku chache, wala si kikombe kila jioni. Maji machache huiita mizizi juu, na mizizi ya juu huungua. Ndoo moja ya lita 20 kwa juma, ikimwagwa polepole, humfaa mti mchanga kuliko vikombe vingi. Au mtungi wa udongo usiopakwa rangi uzikwe kando ya mche mpaka shingoni, ujazwe maji na kufunikwa. Maji yatatoka kidogo kidogo kwenda mizizini.

Samadi na majani vitandazwe mbali kidogo na gome, lisioze.

Tawi nene likikatwa, lisikatwe kwa mkato mmoja wa juu, maana litaanguka na kulichana gome mpaka shinani. Kwanza likatwe kidogo upande wa chini, mbali na shina. Kisha upande wa juu, mbele kidogo, lianguke. Ndipo kisiki kilichobaki kiondolewe karibu na uvimbe ule ambapo tawi hutokea, bila kuukata uvimbe wenyewe. Hapo mti utajifunga jeraha lake. Kuukata mti kichwa chote, kama wengi wafanyavyo, si kupogoa. Machipukizi yatokayo hapo hushika vibaya, na upepo huyavunja. Na kazi ya juu ni ya mtu mwenye ujuzi na kamba. Palipo na nyaya, waitwe watu wa umeme kwanza.

Tena jifunzeni dalili za hatari: uyoga shinani, uwazi unaolia ukigongwa, ufa mrefu, udongo ulioinuka upande mmoja, shina lililoanza kuinama juzi. Mti wenye dalili hizo huenda ukastahili kukatwa.

Ndugu zetu wa Kilimanjaro wametutangulia. Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini alijulikana kwa jina la Askofu wa miti, na watoto wa kipaimara kule walipewa kazi ya kupanda. Nasi tunatoa shauri hili: kila darasa la kipaimara lipewe mti mmoja wa mjini, si wa kupanda tu, bali wa kulea. Mafundisho ya miaka miwili yatosha kuuvusha mti mchanga viangazi viwili, na mti uliovuka viangazi viwili umekwisha kushika ardhi.

Jibu letu kwa wazee

Sasa twarudi kwenu, wazee wetu wenye mwembe. Msiukate shinani bado, wala msiuache kama ulivyo. Juma hili hili njia ya watoto igeuzwe upande mwingine, na tawi kavu liondolewe. Hilo halingoji mwakani. Shina lipimwe na mtu ajuaye. Likiwa limeoza, ukateni bila kuona haya, mkapande mwingine Desemba. Likiwa zima, uchimbulieni, utieni samadi, uwekeni mwaka mmoja, na mwezi kama huu mwakani mkutane tena chini yake mhesabu.

Ninyi mliosema ukatwe, kama mnataka vibanda, semeni vibanda. Msimtangulize mtoto mbele ya fedha. Nanyi mliosema usiguswe, karatasi ya zamu ya jembe na ndoo itakapotundikwa mlangoni pa kanisa, majina yenu na yawe ya kwanza. Mwombezi wetu mbinguni hakutuombea kwa maneno tu. Mikononi mwake mna alama za kazi aliyoifanya kwa ajili yetu. Sisi tunaoishi kwa mwaka wa rehema yake, tukiuombea hata mti, na tuuombee hivyo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewaweka wazazi wetu wa kwanza bustanini wailime na kuitunza, utusamehe miche tuliyoipanda kwa shangwe na kuiacha kwa usahaulifu. Utupe macho ya kuona mti usio na mwenyewe, na mgongo usiochoka kuuchukulia maji. Uubariki mji tulimo, wenyeji na wageni, wagonjwa wangojao kivulini na watoto wapitao njiani. Nasi wenyewe utuchimbulie tungali na wakati, tupate kuzaa matunda. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.